Hesabu za Bata Bukini: Kitenge Kimoja, Kwilti Nzima

Safari hii naomba tuweke kando saruji na nondo, tuzungumze kitambaa. Kama mjuavyo, chama chetu kimeamua kumshonea dada yetu anayetarajia kujifungua kwilti ya mtoto, yaani lile blanketi la viraka la huku Marekani. Msidhani ni kazi ya Wazungu tu. Harriet Powers, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani huko Georgia mwaka 1837, alishona kwilti zenye visa vya Biblia, na moja imehifadhiwa Smithsonian hadi leo.

Dada ametoa kitenge cha marehemu bibi yake kutoka Kigoma. Nimekipima baada ya kufuliwa na kupigwa pasi: upana inchi 44, urefu inchi 30. Hakuna kingine, na dukani hakipo. Kwa hiyo hesabu kwanza, mkasi baadaye.

Mtindo tuliouchagua unaitwa Bata Bukini Warukao. Kila kipande ni mstatili ambao upana wake ni mara mbili ya kimo. Katikati kuna pembetatu kubwa, huyo ndiye bata. Pembeni pembetatu mbili ndogo, hiyo ndiyo anga. Wetu watakuwa inchi 6 kwa 3 vikishashonwa. Kwilti ya inchi 36 kwa 48 inataka safu 16 za bata 6, jumla bata 96.

Kuna njia mbili za kukata.

Njia ya kwanza ni rahisi. Unakata mstatili wa bata ukiongeza nusu inchi kila upande, yaani 6½ kwa 3½, halafu unashonea miraba miwili ya anga ya inchi 3½ kwenye kona, unakunja na kukata kinachozidi. Tatizo ni hicho kinachozidi. Kwenye kitenge chetu inaingia mistatili 6 kwa upana na 8 kwa urefu. Hao ni bata 48, nusu tu ya tunaowahitaji!

Njia ya pili hutoa bata wanne kwa mpigo bila kutupa kitu. Kanuni ni hizi:

1. Mraba mkubwa (bata): upana wa bata, ongeza inchi 1¼. Kwetu ni 7¼.
2. Miraba midogo minne (anga): kimo cha bata, ongeza inchi ⅞. Kwetu ni 3⅞.

Wengi wanakariri namba hizi bila kujua zinatoka wapi. Mshono wa kwilti ni robo inchi. Kwenye kona ya nyuzi 90 mshono unakula kitambaa sawa na upana wake, mara 1. Kwenye kona iliyochongoka ya nyuzi 45 unakula mara 2.41. Ubavu mfupi wa pembetatu una kona moja ya kila aina: 3.41 mara robo inchi ni 0.85, tunapandisha hadi ⅞. Ubavu mrefu una kona mbili zilizochongoka: 4.83 mara robo ni 1.21, tunapandisha hadi 1¼. Ukitumia sentimita, zidisha upana wa mshono wako kwa namba hizo hizo, kisha pandisha kidogo. Usishushe kamwe.

Sasa turudi kwenye kitenge. Bata 96 gawanya kwa 4 ni miraba mikubwa 24. Miraba 6 ya 7¼ inachukua inchi 43½ za upana. Safu 4 zinachukua inchi 29 za urefu. Kinatosha, na inabaki inchi moja! Lakini angalieni: kingekuwa na upana wa inchi 42, ingeingia miraba 5 tu kwa safu, tungehitaji safu 5, yaani inchi 36¼. Basi pima upana kabla ya kitu chochote.

Anga tutanunua, pamba nyeupe. Miraba 96 ya 3⅞ kwenye upana wa inchi 42 ni 10 kwa safu, safu 10, inchi 38¾. Yadi moja ina inchi 36, haitoshi. Nunueni yadi moja na robo.

Kushona ni hivi. Weka miraba midogo miwili kwenye kona zinazokabiliana za mraba mkubwa, nyuso zikitazamana. Katikati itapandana kidogo, ni sawa. Chora mstari kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari. Piga pasi kuelekea anga. Kila nusu sasa ina umbo la moyo. Weka mraba mdogo kwenye kona ya bata iliyobaki, chora mstari kutoka kona hiyo kupita katikati, shona pande zote mbili, kata. Una bata wanne wa 6½ kwa 3½.

Ombi langu kwenu: kila mmoja ajaribu kwanza kwa kitambaa cha mazoezi na apime. Akipata pungufu ya 6½, mshono wake ni mnene, arekebishe cherehani. Cha bibi tukikiharibu, hakuna duka la kukirudisha.