Kabla hujatoa hela ya kadi mpya

Wadogo zangu, kuna swali ambalo haliishi: "Dada, nina GTX 1060, nibadilishe au nivumilie?" Najua anayeuliza amejinyima mengi kuifikia hiyo hela, kwa hiyo tuongee taratibu.

GTX 1060 ilitoka 2016, na umri peke yake si sababu ya kuitupa. Kama jioni zako ni Valorant au Counter-Strike 2, na monita yako ni ya pikseli 1920 kwa 1080, Hz 60, ukishusha mipangilio kidogo kadi hiyo bado inakutosha. Monita ya Hz 60 inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, basi, hata ukifunga kadi ya bei ya pikipiki.

Gemu ikianza kukwamakwama, pima kwanza. Zima V-Sync na kikomo chochote cha fremu, maana vitakudanganya. Cheza sehemu ile inayokusumbua huku umefungua Task Manager upande wa GPU. Ikikaa kwenye asilimia 97 hadi 99 muda wote na gemu bado nzito, kadi ndiyo imefika mwisho. Ikiwa inacheza kwenye 50 au 60, tatizo liko kwingine: mara nyingi ni prosesa, au RAM ya GB 8 iliyojaa. Kuna kipimo kingine ninachokiamini zaidi. Shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720. Fremu zisipoongezeka, kadi mpya haitakusaidia kitu.

Fungua na kasha pia. Vumbi lililoganda kwenye feni hupandisha joto, na kadi ikichemka hujipunguza mwendo yenyewe. Brashi laini na bloa ni rahisi kuliko kadi.

Ila kuna wakati kuvumilia hakuna maana tena. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinataka kadi yenye uwezo wa kukokotoa miale ya mwanga ndani yake. GTX 1060 haina uwezo huo, na hakuna mipangilio ya kushusha itakayokuokoa. Isitoshe, mwaka 2025 NVIDIA walifunga ukurasa wa draiva za gemu mpya kwa kizazi hicho, wakabakiza marekebisho ya usalama tu. Kama gemu unazozitamani ni za aina hiyo, badilisha, wala usijione mbadhirifu.

Sasa nyie wenye vile vikompyuta vidogo vya ofisi vilivyotumika, Dell OptiPlex na HP EliteDesk mnazonunua Kariakoo au Luthuli, hapa ndipo naumia nikiona hela ya mtu inapotea. Pawa saplai ya kasha dogo kama hilo mara nyingi haifiki wati 250, na waya wa kulisha kadi haina. Nafasi ya kadi kwenye bodi hutoa wati 75. RTX 3060 peke yake inakula 170, na NVIDIA wanashauri pawa saplai ya wati 550. Utafika nayo nyumbani ukaikuta haiingii wala haiwaki. Kwa kasha la namna hiyo tafuta RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024: inatumia wati 70 tu, nyingi hazihitaji waya, zipo fupi za kuingia kwenye kasha jembamba, na miale inaimudu. Pima kasha kwa rula kabla hujatoka nyumbani.

Ukinunua iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe na gemu nzito kwa nusu saa mbele yako. Angalia kama picha inatoa madoa au mistari, sikiliza feni, soma joto. Akikataa kuiwasha, rudisha hela mfukoni, nenda duka la pili.