Kaiti na Waogeleaji: Upepo Ndio Uamue

SWALI: Hapa Paje, Zanzibar, watoto huogelea palepale watu wanapoteleza majini kwa kuvutwa na kaiti. Je, si afadhali kaiti zipigwe marufuku?

JIBU: Marufuku haihitajiki, kinachohitajika ni kuwatenganisha watu kwa kufuata upepo. Kamba za kaiti kwa kawaida huwa na urefu wa mita 20 hadi 24, ni nyembamba, na zikikazwa na upepo zinaweza kukata ngozi. Mwenye kaiti akishindwa kuimudu, husukumwa kule upepo unakoelekea. Basi muogeleaji awe upande upepo unakotoka. Ufukwe wa Paje unatazama mashariki: msimu wa kusi, waogeleaji wakae kusini na kaiti ziwe kaskazini yao; kaskazi ikiingia, maboya na bendera za mpaka vihamishwe ili pande hizo zibadilishane. Ni kazi ya mara mbili kwa mwaka.

Wapo watakaosema kuwa mjuzi wa kaiti hujua kumkwepa mtu. Ni kweli, ila humkwepa anayemwona, na kichwa cha mtoto katikati ya mawimbi hakionekani upesi. Wengine watasema ufukwe ni wa wote, haugawiki. Lakini mipaka haimnyimi mtu bahari. Ufukwe usio na mipaka ndio humwachia mwenye kasi, na mnyonge akabaki mchangani. Tena, maji yakitoka, waogeleaji na kaiti hubanana kwenye sehemu chache zilizobaki na kina, na akina mama wanaolima mwani wako kazini. Saa hizo kaiti zisogezwe mbali zaidi.