Kisimamizi cha vifurushi kwa kila mfumo endeshi

Swali: Mtumiaji wa Linux, macOS au Windows achague kisimamizi kipi cha vifurushi vya programu?

Jibu: Kwenye Linux, uamuzi huwa umekwisha kufanywa na watengenezaji wa mfumo. Debian na Ubuntu hutumia APT, Fedora hutumia DNF, Arch hutumia pacman. Chombo hicho ndicho kinachosasisha hata kiini cha mfumo, kwa hiyo kukikwepa ni kujitafutia matatizo. Flatpak huongezwa kando yake pale inapohitajika programu mpya kuliko iliyomo katika hazina ya mfumo, ingawa hula nafasi kubwa ya diski na data nyingi wakati wa kupakua, gharama isiyo ndogo kwa anayelipia intaneti kwa kipimo.

macOS haina chombo chake cha namna hiyo. Homebrew, iliyoanza mwaka 2009, inawafaa wengi. MacPorts ina umri mkubwa zaidi na hutegemea zaidi maktaba zake yenyewe. Kuziweka zote mbili huweza kuleta migongano; afadhali moja.

Windows 11 ina winget ya Microsoft, nayo yatosha kwa kazi za kawaida. Scoop huweka programu ndani ya folda ya mtumiaji, hivyo kwa kawaida haihitaji idhini ya msimamizi wa kompyuta.