Printa Imegoma? Kagua Kebo Kabla ya Kumtumia Fundi Pesa

Uko dukani Bulla Pesa, mteja anangoja taarifa yake ya malipo, na ile printa ya zamani imenyamaza? Tulia. Tuanze na kebo:

1. Zima kompyuta na printa. Kebo nene ya pini 25 haichomolewi mashine zikiwaka.
2. Chomoa, pangusa vumbi, tafuta pini iliyopinda. Irudishe, kaza skrubu.
3. Washa printa, toa karatasi ya majaribio kwa vitufe vyake. Ikitoka safi, huenda shida ni kebo au kompyuta.
4. Azima kebo ya jirani, ujaribu.

Ikikataa, ita fundi. Mlipe kazi ikiisha, na usome jina lake vizuri kabla ya kuweka PIN.