Kazi ya Mshahara na Kazi ya Moyo

Je, iko kazi unayoipenda ambayo si ile inayokulisha? Pengine wewe ni mlinzi wa ghala au kibarua wa shamba, lakini moyo wako uko katika kushona, kuchonga au kupiga zeze. Watu wengi wako hivyo. Wengine huona haya kusema.

Habari za Edward Saidi Tingatinga zitatusaidia. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alitoka kwao akaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, Tanga. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora picha. Hakuwa na vifaa vya wachoraji wakubwa. Alitumia vipande vya mbao nyembamba za dari na rangi ya mafuta, ile inayopakwa baiskeli. Alichora tembo, chui, ndege na miti. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, na wageni walizinunua.

Hata hivyo, Tingatinga hakukataa mshahara. Aliajiriwa pia kuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya Muhimbili, akawa anachora saa ambazo hayuko kazini. Aliwafundisha ndugu zake kuchora. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa. Alikuwa na miaka ipatayo 40 tu. Wale aliowafundisha waliendelea, na mpaka leo picha za namna ile huitwa kwa jina lake.

Mimi simsifu mtu aachaye kazi leo kwa sababu jana ameuza mkeka mmoja. Watoto hawali matumaini. Lakini pia simsifu yule asemaye kila mwaka, "Nitaanza mwakani." Tafuta saa zako. Jioni mbili kwa juma zinatosha kuanza. Zungumza na mwenzako wa nyumbani, mkubaliane ni jioni zipi, maana ukijifungia na cherehani huku kuni hazijapasuliwa, utazua ugomvi. Wala usiipeleke kazi yako ya moyo kazini. Mlinzi anayesuka mkeka akiwa zamu, mwizi humshukuru.

Sasa chukua daftari. Umejifunza kuandika na kuhesabu. Hapa ndipo pa kutumia elimu hiyo. Tuseme umenunua mbao kwa shilingi 4,000 na rangi kwa shilingi 9,000. Umechora picha moja, ukaiuza shilingi 20,000. Wengi watasema, "Nimepata elfu ishirini!" Sivyo. Toa 13,000. Umebakiwa na shilingi 7,000. Je, ilikuchukua jioni ngapi? Kama ni saba, basi kila jioni umepata shilingi 1,000. Andika hivyo kila mwezi, bila kujidanganya. Fedha ya rangi iweke mbali na fedha ya unga. Baada ya mwaka mmoja daftari litakuonyesha kama kazi hiyo inaweza kukulisha, au ni ya kukufurahisha tu. Na ya kukufurahisha si haramu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Tingatinga alitumia vifaa gani? Wewe una vifaa gani karibu nawe?

2. Fundi ametumia shilingi 6,500 kununua kitambaa na uzi. Ameuza gauni kwa shilingi 15,000. Amebakiwa na shilingi ngapi?

3. Ni jioni zipi mbili unazoweza kuzipata? Ziandike.