SOMO LA HESABU: NAMBA ZINAZOINGIA NA NAMBA ZINAZOTOKA

Ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi. Leo tunapima ua wa kuku.

Tuseme kikundi chenu kimechanga fedha na kununua wavu wa waya wenye urefu wa mita 40. Mnataka ua wa mstatili, yaani wenye umbo kama la mlango. Anakuja fundi anasema: "Jamani, kwa wavu huu nitawajengea ua wa mstatili wenye eneo la mita za mraba 120." Na malipo yake anayapanga kwa eneo hilo. Je, mkubali? Ngojeni kwanza tupige hesabu.

Wavu unazunguka pande nne: urefu mara mbili na upana mara mbili. Kwa hiyo urefu mmoja na upana mmoja ukijumlisha unapata nusu ya wavu, yaani mita 20. Ukishachagua urefu, huna uchaguzi tena wa upana. Upana ni 20 kutoa urefu. Eneo ni urefu mara upana. Tazama:

Urefu 2, upana 18, eneo 36
Urefu 5, upana 15, eneo 75
Urefu 8, upana 12, eneo 96
Urefu 10, upana 10, eneo 100
Urefu 13, upana 7, eneo 91
Urefu 15, upana 5, eneo 75

Kila urefu unaoingia unatoa eneo moja tu. Uhusiano wa namna hii wenye hesabu zao huuita fanksheni. Umeona urefu wa 5 na wa 15 yote inatoa 75? Hilo si kosa. Kosa lingekuwa urefu mmoja kutoa maeneo mawili.

Sasa tujiulize swali la kwanza: ni namba zipi zinazoruhusiwa kuingia? Jaribu 25. Upana utakuwa 20 kutoa 25, yaani mita 5 pungufu ya sifuri. Kwenye karatasi hesabu hiyo inaandikika, lakini ua wa namna hiyo hakuna awezaye kuujenga. Urefu wa 20 nao haufai, maana upana ni sifuri na kuku hawana pa kukaa. Basi zinazoingia ni namba zote zilizo kati ya 0 na 20, hata zenye nusu na robo. (Si kila jambo linakubali nusu. Ukihesabu kuku, nusu ya kuku iko kwenye sufuria tu!)

Swali la pili: ni namba zipi zinazoweza kutoka? Hapa ndipo penye jibu la fundi wetu. Anza na 10 kwa 10. Ongeza urefu kwa mita 3, upana nao unapungua kwa mita 3: 13 mara 7 ni 91. Tumepoteza 9, yaani 3 mara 3. Ukiongeza mita 5 unapoteza 5 mara 5, yaani 25, zinabaki 75. Ukisogea nusu mita tu, 10.5 mara 9.5 ni 99.75. Kila ukiondoka kwenye 10, unapoteza. Kwa hiyo maeneo yanayotoka ni makubwa kuliko 0, na hayapiti 100.

Basi 120 haimo. Fundi huyo ama hajui hesabu, ama anataka mlipie mita 20 za mraba zisizokuwepo. Mwambieni achore ua wake chini, na mpime wenyewe kwa kamba. (Ua wa duara ungefika 127 na zaidi kidogo, lakini yeye amesema mstatili.)

ZOEZI. Wavu ni uleule wa mita 40. Safari hii upande mmoja wa urefu ni ukuta wa ghala wenye mita 20, nao hauhitaji wavu. Urefu wa ua usizidi ukuta. Upana upi unaruhusiwa kuingia? Eneo kubwa kabisa linalotoka ni lipi?

Majibu: Upana ni kuanzia mita 10, lakini usifike 20. Eneo kubwa ni mita za mraba 200.