Zamu, Mwendo na Kujizuia: Michezo ya Jadi na Mtoto Mwenye ADHD

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hii imetumiwa mno kuhalalisha kiboko kwa mtoto asiyetulia darasani, licha ya adhabu hiyo kupigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Mtoto huyo huitwa mtundu, mtukutu au mkaidi. Hata hivyo, si kila utundu ni ukaidi. Baadhi ya watoto wana hali ya upungufu wa umakini na uchangamfu uliopindukia, ijulikanayo kimataifa kama ADHD. Kwa mujibu wa mwongozo wa DSM-5, uliochapishwa Marekani mwaka 2013, dalili zake sharti ziwe zimejitokeza kabla ya umri wa miaka 12, zidumu kwa miezi 6 au zaidi, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Hali hii haitokani na malezi mabaya. Urithi wa nasaba una mchango mkubwa.

Makala haya yanadai kuwa mchezo umfaao mtoto huyu hautambuliwi kwa jina lake bali kwa muundo wake: urefu wa zamu, kiasi cha mwendo na wepesi wa mrejesho.

Kuruka na Kujizuia

Mfano mwafaka ni mchezo wa 'nyama nyama'. Kiongozi hutaja wanyama kwa mfululizo. Akitaja aliwaye, watoto huitikia na kuruka. Akitaja asiyeliwa, hutulia tuli. Mbuzi, ng'ombe, kondoo, fisi! Arukaye kwa fisi amekosea. Kwa mtoto mwenye ADHD, ugumu si kuruka, bali kuuzuia mwili ambao tayari umejiandaa kuruka. Mchezo huu humpa ruhusa ya kusogea na, papo hapo, sababu ya kujizuia. Kosa lake huzua kicheko wala si kiboko, na baada ya sekunde chache hupata nafasi nyingine.

Mchezo wa kati nao una mbio na kukwepa kwingi, ila una kasoro moja: aliyepigwa na mpira hutoka, akasubiri pembeni. Kusubiri huko ndiko kunakomshinda mtoto huyu. Mwalimu anaweza kubadili kanuni, aliyetoka arejee baada ya mirusho mitano.

Sanaa za Zamu

Katika fasihi simulizi, kitendawili kina sifa hizo hizo. Mtegaji hutega, hadhira huitika, jibu hutolewa au mji huombwa, kisha zamu hupita. Kinyume chake ni mazoezi ya kughani shairi kwa pamoja, ambapo watoto husimamishwa mstarini kwa muda mrefu. Hilo si sababu ya kumwondoa mtoto huyu kundini. Apewe ngoma apige, au aongoze kiitikio cha hadithi, au mazoezi yenyewe yagawanywe katika vipande vifupi. Muhimu zaidi, aulizwe apendacho, kwani kazi aliyoichagua mwenyewe hudumu naye.

Tahadhari

Tafiti zimeonyesha kuwa mazoezi ya viungo yanaweza kuimarisha umakini kwa muda mfupi. Hata hivyo, mchezo hauchukui nafasi ya uchunguzi wa daktari, ushauri nasaha au dawa. Aidha, wapo walimu wanaomwadhibu mtoto asiyetulia kwa kumnyima kipindi cha michezo. Kufanya hivyo ni kumnyima kile anachokihitaji kuliko wenzake.

Hitimisho

Methali ya wahenga haijakosea. Waliokosea ni wafasiri wake. Samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, si kwa fimbo, na mkunjaji sharti amjue samaki wake. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao hukusanya vitendawili na nyimbo za watoto nyanjani, wana wajibu wa kunakili pia kanuni za michezo hiyo: nani huanza, zamu huchukua muda gani, na anayekosea hufanywa nini. Katika maelezo hayo madogo, mzazi na mwalimu watapata mahali pa kumweka mtoto ambaye hadi sasa amewekwa nje ya mlango wa darasa.